Majeruhi Kabla ya Mechi

Katika shule yetu, wiki yenye mechi kubwa hujulikana hata na mgeni asiyejua ratiba. Kila mchezaji anayepita kwenda bwaloni hutazamwa miguu kabla ya kutazamwa uso. Akipiga hatua fupi kidogo, habari zitakuwa zimefika mabweni yote kabla ya uji wa saa nne, na zikifika bweni la mwisho mguu umekwisha kuvunjika mara mbili. Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili, akijua ya kuwa nimecheza beki wa kulia miaka miwili na ya kuwa ndimi mwenye kushika daftari la timu, alinitaka niandike jinsi majeruhi wanavyopunguza nguvu ya timu hata kabla refa hajapiga filimbi. Nimekubali, kwa sababu naona wengi wetu, pamoja na wanafunzi wa zamani wanaokuja kututazama siku za Jumamosi, hukosea katika hesabu hii.

Hesabu ya wengi ni nyepesi. Wachezaji ni kumi na mmoja. Ameumia mmoja, ameingia mwingine, bado ni kumi na mmoja, basi twendeni uwanjani. Nami nasema ya kuwa mtu mmoja akiumia, wanaohama ni watatu au wanne. Nitaeleza kwa mfano wetu wenyewe.

Muhula uliopita tulikuwa na mechi ya mashindano ya shule, hapa hapa nyumbani, na wageni waliotoka upande wa barabara ya Entebbe. Wa kwanza katika kundi peke yake ndiye angeendelea mbele, na sisi tulihitaji kushinda; wao sare iliwatosha. Siku ya Jumatatu daftari lilikuwa na majina mawili. Golikipa alikuwa amebanwa kidole na mlango wa bweni, jambo la kipuuzi kabisa, lakini kidole kilivimba vile vile kana kwamba kimeumizwa na shuti la penalti. Senta hafu alikuwa amekamatwa na msuli wa nyuma ya paja katika mazoezi ya mbio. Jina la tatu lilikuja usiku wa Jumanne, nalo lilikuwa la namba tisa wetu. Huyo nitamrudia, kwa kuwa habari yake ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza senta hafu. Yeye ni mtu mrefu mwenye sauti kama kengele ya kanisa. Watazamaji humsifu kwa kupiga mpira kwa kichwa, wala hawajui ya kuwa kazi yake kubwa ni kusema. Dakika tisini hanyamazi: Toka! Rudi! Mtu nyuma yako! Alipokosekana, mwalimu wa michezo alimrudisha hafu wa kulia katikati ya ulinzi. Mimi nikapandishwa kuwa hafu wa kulia. Nafasi yangu ya beki akapewa kijana wa kidato cha tatu, mwenye mbio nyingi lakini ambaye hajacheza mechi kubwa hata moja. Hebu tazama basi: paja moja limeuma, na watu watatu wamesimama mahali pageni, na hakuna anayepiga kelele. Tena hafu wa kulia ndiye aliyekuwa akipanda mbele kwa kona, na sasa hakuthubutu kupanda, asije akaacha mlango wazi. Kwa hiyo jeraha la nyuma lilitupunguzia nguvu mbele pia. Yeye na mimi tulikuwa tumecheza bega kwa bega mwaka mzima, hata nikaweza kujua kwa mgongo wake tu kama anakwenda au anabaki. Siku tatu za mazoezi haziwezi kumpa mtu mwingine elimu hiyo.

Golikipa alisema ataweza, na kweli aliweza kudaka mipira ya chini. Lakini mpira ulipokuja juu, kutoka pembeni, nilimwona katika mazoezi akikitazama kidole kwanza na mpira baadaye.

Halafu kuna masikio ya wageni. Shule zetu za Kampala hazina siri. Wanafunzi wa kutwa wana binamu katika shule nyingine, na mwendesha bodaboda wa getini hubeba habari kuliko abiria. Kufikia Alhamisi nilikuwa na yakini ya kuwa wageni wanajua yote. Winga wao mwenye kasi, ambaye siku zote hucheza kulia, Jumamosi alisimama kushoto, uso kwa uso na kijana wetu wa kidato cha tatu. Sikumwuliza kocha wao sababu, wala sikuona haja.

Jambo hili si letu peke yetu, wala si la nchi ndogo tu. Katika Kombe la Dunia la 2002 Ufaransa ilifika Korea na Japani ikiwa bingwa wa dunia na wa Ulaya. Siku chache kabla ya mashindano, Zinedine Zidane aliumia paja katika mechi ya kirafiki na Korea Kusini. Bila yeye walifungwa 1-0 na Senegal na wakatoka 0-0 na Uruguay. Katika mechi ya tatu alirudishwa na paja lililofungwa bendeji, nao wakafungwa 2-0 na Denmark. Wakarudi nyumbani bila kufunga hata bao moja. Wachezaji hodari walikuwa wamejaa katika timu ile, lakini kila mmoja alikuwa amezoea mpira upitie kwa mtu yule.

Mtu anaweza kunijibu kwa habari ya Brazil katika 1962. Pelé aliumia katika mechi ya pili kule Chile, akaingia Amarildo, akafunga mabao mawili dhidi ya Hispania, akafunga tena katika fainali, na Brazil ikachukua kombe. Ni kweli. Lakini wanaoisimulia habari hiyo humsahau Garrincha, aliyekuwa pale pale siku zote, naye aliichukua timu mgongoni. Kila shule ikiwa na Garrincha wa akiba, basi na tuache kuhesabu majeruhi.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu sisi Waganda. Mwaka 2017 timu yetu ya taifa ilikwenda Gabon kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1978, mwaka ule tulipofika fainali na kufungwa 2-0 na Ghana. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini nakumbuka rangi zilizopakwa kwenye matatu. Misri, waliokuwa katika kundi letu, walicheza kwanza na Mali tarehe 17 Januari, na golikipa wao Ahmed El Shenawy akaumia kabla ya mapumziko. Akaingia Essam El Hadary, mzee wa miaka 44, aliyetimiza umri huo siku mbili tu nyuma. Hajapata mtu kucheza mashindano hayo akiwa na umri mkubwa hivyo. Watu wengi wa Kampala walifurahi: golikipa mzee, Cranes watafunga! Siku nne baadaye tulicheza nao, tukapiga, tukapiga, mzee akazuia, na dakika ya 89 Abdallah El Said akatufunga sisi. El Hadary hakufungwa bao mpaka nusu fainali, na huko aliokoa penalti mbili za mwisho za Burkina Faso. Misri ilishindwa na Cameroon katika fainali tu.

Najiuliza mara nyingi kwa nini jeraha lile halikuivunja Misri. Jibu langu ni ya kuwa golikipa akitoka, akaingia golikipa, hakuna mwingine anayehama. Tena aliyeingia alikuwa amekwisha kutwaa kombe lile mara nne, na hapakuwa na haja ya mtu yeyote kumfundisha kupaza sauti.

Walakini hata mahali pa golikipa pana mwisho wa akiba. Tarehe 30 Desemba 2025, wakati wa likizo, tulijazana katika kibanda kimoja huko Ndeeba kuwatazama Cranes wakicheza na Nigeria kule Morocco. Denis Onyango alianza, akaumia, na baada ya mapumziko akaingia Jamal Salim Magoola. Haukupita muda, Salim akaushika mpira nje ya eneo lake, akapewa kadi nyekundu. Akaingia wa tatu, Nafian Alionzi, na mbele yake watu tisa tu. Tulifungwa 3-1. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alisema kwa Kiganda maneno ambayo Mhariri hataniruhusu kuyachapa.

Waganga wa michezo nao wamelichunguza jambo hili kwa hesabu. Uchunguzi mmoja uliozifuata timu 24 za Ulaya kwa misimu 11 tangu 2001, ukachapishwa 2013, ulionyesha ya kuwa timu zenye majeruhi wachache humaliza juu zaidi katika ligi zao. Msuli ule wa nyuma ya paja ndio unaolalamikiwa kuliko yote. Katika timu kubwa za Ulaya, kati ya msimu wa 2001 na ule ulioisha 2022, sehemu yake katika majeraha yote ilipanda kutoka asilimia 12 mpaka asilimia 24. Na mtu aliyekwisha kuumia mahali fulani ndiye aliye karibu zaidi kuumia tena pale pale, hasa akirudi upesi. Senta hafu wetu alitaka kurudi Ijumaa. Mwalimu alimwambia akimbie kutoka goli hadi goli. Alifika nusu akasimama, akacheka kwa aibu, akaenda kukaa.

Sasa namba tisa. Anatoka kaskazini, upande wa Lira, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, ingawa ni cha kambini, maana baba yake mdogo alikuwa askari. Yuko hapa kwa bursari ya mpira. Mabao yake ndiyo karo yake. Kitanda chake kiko chini ya changu, na usiku wa Jumanne nilisikia kitambaa kikichanwa. Nikamulika tochi. Alikuwa amekaa anajifunga goti kwa kipande cha shuka.

“Ndugu yangu, zima tochi.”

“Limevimba tangu lini?”

“Tangu Jumapili. Usiliandike.”

“Nisipoliandika litapona?”

“Ukiliandika, mimi nitarudi nyumbani.”

Akanieleza kwa sauti ya chini. Katika shule moja aliyosoma kabla ya kuja kwetu, walimchukua bure kwa ajili ya mpira. Akiwa kidato cha pili alivunjika kifundo cha mguu akiichezea shule hiyo hiyo. Muhula uliofuata jina lake halikuwamo tena katika orodha ya wasiolipa. Mama yake aliuza simsim yote ya msimu, ikatosha muhula mmoja, na baada ya hapo alikaa nyumbani mwaka mzima. Alijifunza nini hapo? Alijifunza kutembea bila kuchechemea. Kwa siku mbili alikuwa amepita mbele yetu sote, sisi tunaojidai kutazama miguu, na hakuna aliyeona kitu.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya majeruhi kabla ya mechi. Mchezaji aliyelala hospitalini anajulikana. Kocha anapanga bila yeye. Lakini aliye mzima nusu na anayeficha nusu, kocha anapanga juu yake kama anayejenga juu ya mchanga. Hata timu kubwa hutatizwa na jambo hilo. Mohamed Salah alipoumia bega huko Kyiv tarehe 26 Mei 2018, Misri nzima ilihesabu siku mpaka mechi ya Uruguay katika Kombe la Dunia. Kocha alisema karibu kwa hakika kwamba atacheza. Siku ilipofika, 15 Juni, Salah alikaa benchi tangu mwanzo mpaka mwisho, na Misri ikafungwa 1-0 katika dakika za mwisho. Timu iliyokaa karibu majuma matatu ikimngoja mtu mmoja haikai majuma hayo ikijifunza kucheza bila yeye.

Nilimwambia namba tisa ya kuwa sitaandika neno usiku ule, ila asubuhi twende pamoja kwa mwalimu, aseme kwa kinywa chake. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani amelala. Kisha akasema, “Utasimama na mimi?” Nikasema nitasimama.

Mwalimu hakukasirika. Alimwambia achuchumae, hakuweza. Alimwambia aruke kwa mguu mmoja, akaruka mara mbili akashika ukuta. Sista wa zahanati alilitazama goti, akampeleka hospitali siku ile ile, na daktari akasema gegedu limechanika. Akicheza Jumamosi huenda asicheze tena mwaka huu wala mwaka ujao.

Mechi yenyewe haitaki maneno mengi. Katika dakika ya ishirini winga wao alimpita kijana wetu wa kidato cha tatu, akapiga mpira wa juu, golikipa akatoka hatua mbili, akasita, akarudi, na senta foradi wao akaweka kichwa. Waliokuwa pembeni walimzomea kijana. Mimi nilikuwa karibu, naye hakuwa na kosa: mtu wa kumwambia asogee ndani alikuwa amekaa benchi na paja lake. Kipindi cha pili tulisawazisha. Kijana wa kidato cha tano aliyevaa jezi ya namba tisa aliupiga mpira kwa ugoko, bila kujua, nao ukaingia. Mwisho 1-1. Wageni wakaimba mpaka kwenye basi lao.

Jioni ile bwaloni walikuwapo waliosema ya kuwa namba tisa wa kweli angefunga hata kwa mguu mmoja. Huenda angefunga, maana nimemwona akifunga mabao ya ajabu. Lakini hao waliosema hivyo hawakuona shuka lililochanwa, na goti lile ni lake mpaka atakapokuwa mzee. Sikuona sababu ya kubishana nao nikiwa na njaa.

Bursari yake itazungumzwa na Mkuu wa shule pamoja na kamati mwisho wa muhula huu. Sijui wataamua nini, wala si kazi yangu kuwafundisha. Nitasema moja tu, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wanafunzi wa zamani, na baadhi yao wamo katika kamati. Bursari ya mpira ikihesabiwa kwa mabao, kila kijana maskini mwenye kipaji ataficha jeraha lake, na daftari langu litakuwa la uongo kuanzia ukurasa wa kwanza. Ikitolewa kwa mwaka mzima, awe mzima au awe na magongo, basi Jumatatu asubuhi tutajua kweli nani anaweza kucheza. Na kama chama cha wanafunzi wa zamani kinatafuta zawadi ya kutupa, kombe jingine la kabatini hatulihitaji. Tunahitaji sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani, na nauli ya kwenda hospitali. Barafu tunainunua kwa mama muuza samaki sokoni, naye hutuuzia kwa bei nzuri, lakini kila anayewekewa hunuka sangara siku mbili.

Sisi wenyewe tumeanza jambo moja. Kabla ya kila mazoezi tunafanya yale mazoezi ya dakika 20 yaliyotungwa na madaktari wa FIFA, ya kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri. Uchunguzi uliochapishwa 2008 ulionyesha ya kuwa wasichana wa Norway walioyafuata walipunguza majeraha yao kwa karibu theluthi moja. Vijana wa kidato cha kwanza hutucheka, wakisema tunacheza ngoma bila ngoma. Waache wacheke, anayeyaongoza kwa sauti ni senta hafu, na kelele zake zimerudi zote.

Jumamosi tunacheza tena, safari hii ugenini. Daftari la jioni hii lasema hivi. Golikipa: mzima. Senta hafu: anakimbia goli hadi goli bila kusimama. Beki wa kushoto: malaria, ameanza dawa, atatazamwa Alhamisi. Kijana wa kidato cha tatu: mzima, na ameomba abaki kulia, kwa hiyo mimi huenda nikakaa benchi. Namba tisa: goti bado, ameacha magongo, kila saa kumi huwafundisha wadogo kupiga kichwa, yeye akiwa amekaa kitini katikati ya uwanja, na mipira inamjia kutoka kila upande.